Aliyenunuliwa kwa Pumba

Mtaani kwetu Ludhiana, mji wa Wapunjabi, kila nyumba ina jiko lake, lakini mkate wa jioni wanauleta kwangu. Tanuri lilichimbiwa uani na mama mkwe wangu kabla sijaolewa, na ua huo hauna mlango, kwa hiyo habari huingia na kutoka kama kuku. Wanapanga foleni na mabeseni ya unga: wake wa wakulima wa Kijati, warefu kama nguzo za umeme, mabinti wa Bihari wa kiwanda cha soksi, msichana wa Manipur, mashariki ya mbali ya nchi yetu, anayechonga watu nyusi saluni, ambaye mtaa mzima humwita Mchina, ingawa Uchina yeye anaiona kwenye televisheni kama sisi. Hakuna anayefanana na mwenzake. Mimi ni mweupe, macho ya kijani, na mama mkwe hakuacha kuwaringia majirani hadi tulipompeleka kwenye kuni za kuchomea maiti.

Pechi alitoka kusini kabisa, Mtamil, mweusi wa kung'aa kama mbegu ya ukwaju. Mumewe Hoshiara, dereva wa lori, ni mtu wa milima ya Chamba, mashavu mekundu, macho ya kijivu. Walivyokutana najua, ila ni habari ndefu. Walizaa watoto wawili, wakawazika wote kabla hawajatembea. Wa tatu Pechi alikwenda kumzalia kwa mama yake, kama ilivyo desturi, akarudi naye akiwa kifuani: ngozi ya maziwa, nywele rangi ya kutu, macho ya kijivu. Baba yake kabisa.

Kwao Pechi, mtoto anayekuja baada ya misiba haachwi aonekane kipenzi cha mtu. Anauzwa. Pechi aliniletea mtoto hapa uani, akaniwekea mikononi, nami nikampa konzi ya pumba za mchele. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa Pechi kisimkute. Kikute kitu cha bei ya pumba, tena mali ya mtu mwingine. Akazifunga pumba zile kwenye pindo la sari yake, akabaki kumlea kama yaya. Mtoto aliniita mimi mama, yeye akamwita dada. Jina alimpa Tavidu, ambalo kwa lugha yao ndiyo pumba zenyewe. Na nadhiri ilikuwa kwamba mpaka mtoto atakaponyolewa nywele zake za kwanza kwenye hekalu la kijijini kwao, Pechi asitamke kwa mdomo wake kuwa ni wa kwake. Akitamka, amekiita kile kilichowachukua wenzake.

Hiyo ndiyo siri pekee niliyowahi kutunza. Biashara ya namna ile ikitangazwa haina kazi.

Tavidu alikuwa amekwisha jua kusema, na ukungu wa baridi ulipoanza, simu nazo zikaanza. Kila mtu alipokea picha ile ile ya magunia, eti ya kubebea watoto, na sauti ya mtu akisema kuna wanawake weusi wametoka kusini, wanaiba watoto weupe. Ng'ambo ya reli walimkamata mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota makopo, wakampiga mpaka akasahau jina lake. Watu wetu walilisimulia jambo hilo kwenye foleni huku wakikanda unga.

Zamani walimtania Pechi. Mwezi wako umeuokota wapi, shemeji? Ulikunywa maziwa peke yake miezi yote tisa? Naye aliwajibu, maana ulimi anao. Sasa akiingia uani, wananyamaza. Mtaa wetu ukinyamaza, uogope. Nilimwambia akae ndani mpaka mumewe arudi. Akasema nywele zitanyolewa mwezi ujao, tiketi za treni zimeshakatwa, kwa muda uliobaki nani atamfanya nini.

Alikuja jioni moja, mtoto kiunoni, beseni kichwani. Nilikuwa nimeinama tanurini, mkono ndani, nikibandika mkate. Niliposimama, Billa fundi simu alikuwa amekwisha ingia, na nyuma yake wanaume wa kiwandani wenye magongo ya hoki. Billa maana yake paka dume. Tulimwita hivyo tangu utotoni kwa ajili ya macho yake ya rangi ya chai hafifu.

Hakupiga kelele. Alimwinamia Tavidu pale kiunoni, akampa pipi. "Babu wee, hebu niambie. Mama yako nani?"

Mtoto akaninyooshea kidole mimi.

"Na huyu aliyekubeba?"

"Dada Pechi."

"Dada Pechi alikupata wapi?"

Tavidu akavuta pumzi kwa majivuno, maana jibu hilo alifundishwa, na kila akilisema alipata kipande cha sukari guru. "Nilinunuliwa kwa pumba."

Wale wa nyuma wakasogea. Wanawake wa foleni wakaweka mabeseni chini, wakajibana ukutani.

Nikasema mimi. Nikaeleza yote, konzi, pumba, watoto wawili waliozikwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu. Mmoja akacheka, akasema mtoto si debe la ngano, shangazi. Mwingine akasema basi umekubali kuwa aliuzwa, sasa tuambie kaibiwa kwa nani. Nikaona nikinyamaza wanamuua, nikisema ni wangu wataniamini papo hapo kwa ngozi yangu hii, kisha wamuue kwa kuniibia.

Nikamgeukia Billa. "Mama yako nilimjua, nilimkandia unga. Alikuwa mweusi kuliko sufuria zangu zote, na wewe ulitoka na macho hayo. Nani alimwuliza alikuiba wapi?"

Akapepesa macho. Mtu akacheka, na kwa muda mfupi nilidhani yamekwisha. Lakini mzee mmoja mwenye kilemba, mtu mpole, ambaye kila siku hununua mikate kwangu na kuwagawia mbwa, akasema kwa upole wake ule ule: "Tusigombane. Mwanamke mwenyewe aseme. Kama ni wake, neno moja tu, twende nyumbani."

Wote wakaona ni haki. Na hapo ndipo ubaya ulipokuwa.

"Sema, dada," Billa akamwambia. "Ni wako au si wako?"

Pechi alikuwa ameshika pindo la sari. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto anayelamba pipi, akatazama juu, pale ukungu ulipokuwa ukishuka ukutani, kama mtu anayekagua nani mwingine anasikiliza. Gongo moja likagusa beseni kichwani pake, beseni likapinduka, unga ukamwagika. Mtu akamshika mtoto mkono na kumvuta. Mtoto akalia.

"Ni wangu," Pechi akasema. "Nimemzaa mimi. Ni mwanangu mimi, mwacheni."

Hakusema kwa nguvu, lakini alisema, tena kwa Kipunjabi safi, uani kusiko na mlango.

Mkono ukamwachia mtoto. Watu wakashusha magongo. Yule mzee akasema, mnaona sasa, jambo dogo. Billa akamwomba radhi, shemeji usijali, siku hizi mtu hajui, kisha akaniuliza kama mkate wake uko tayari. Ulikuwa umeungua. Akaula hivyo hivyo akiondoka.

Pechi hakulia wala hakushukuru. Alichota masizi mdomoni mwa tanuri akampaka mtoto paji la uso, mashavu, nyayo, mpaka weupe wote ukapotea na wakafanana hatimaye. Kisha akafungua pindo la sari na kunimwagia pumba kiganjani. Biashara imevunjika, mali imerudi kwa mwenyewe.

"Nitamnunua tena," nikamwambia. "Nipe mkono, sasa hivi."

"Kimeshasikia, shangazi," akasema.

Tavidu akakohoa. Kikohozi kidogo, cha moshi pengine. Tanuri lina moshi, watoto wote hukohoa hapa. Pechi alimfunika kichwa kwa mtandio, wakaingia kwenye ukungu. Alfajiri walipanda treni ya kusini bila kungoja tiketi za mwezi ujao, na msichana wa Manipur, aliyewasindikiza stesheni, aliniambia mtoto alikuwa bado anakohoa.

Hoshiara alirudi, akafunga nyumba, akawafuata. Namba yake haipokelewi. Foleni yangu ni ile ile, na Billa ndiye huniuliza zaidi ya wote: vipi, shangazi, habari za yule mtoto? Mimi huinama tanurini nikibandika mkate. Pumba zile nimezitia kwenye kopo, juu ya rafu, na kuku hawapewi.