Asubuhi ya Kweleakwelea

Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, naye Nyanjige alikwisha kupanda ulingo katikati ya shamba lake la uwele, kamba ya madebe mkononi. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile uwele. Punje bado zilikuwa na maziwa. Zingekauka baada ya wiki mbili hivi, avune.

Ndipo mumewe, Maduhu, alipomwita kutoka nyumbani.

Maduhu alirudi mwezi wa pili, baada ya kuishi miaka tisa Bariadi mjini na mwanamke mwingine, Felisita. Aliondoka na ng'ombe wote kumi na wanne, akarudi na begi moja na vidonda vya tumbo. Vidonge vya zahanati havikumtosha. Ugali wa mahindi aliutapika, wali aliutapika. Kilichokaa tumboni ni uji mwepesi wa uwele, ule ule aliokuwa akiukataa mbele ya wageni, akisema ni chakula cha njaa. Majirani walipomuuliza Nyanjige kwa nini alimpokea, aliwajibu kwamba mwanawe Paschal, aliye migodini, siku moja atauliza baba yake alifia wapi.

Maduhu aliita tena. Nyanjige akatazama juu. Anga lilikuwa tupu. Akashuka.

Nyumbani alikung'uta unga wa mwisho wa mavuno ya mwaka jana, akaukoroga polepole usifanye madonge. Akaupoza, akamwinua mgonjwa kichwa. Maduhu alikunywa nusu bakuli, akafuta midomo.

"Felisita alikuwa anatia sukari," akasema.

Nyanjige aligeukia mlango. Alikuwa amesikia mvumo, kama mvua inayokuja kutoka mbali. Akaweka bakuli chini, akakimbia.

Kweleakwelea walikuwa wamelifunika shamba. Alivuta kamba, madebe yakalia, kundi likainuka upande huu na kutua ule. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mboje, jirani yake, alikuja na kombeo, akarusha mara tatu, kisha akalining'iniza begani.

Jua lilipopanda, ndege waliondoka wenyewe, wameshiba.

Nyanjige alikaa chini kati ya mabua.

"Mama Paschal," Mboje alisema, "sasa mgonjwa atakula nini?"

Nyanjige alivunja suke moja, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Makapi yakaruka, zikabaki punje nne, mbichi. Akazitazama. Kisha akazitia kinywani mwake mwenyewe, akazitafuna taratibu.