Mshike Kichwa Mwenyewe

Mlinzi wa mjomba wake Daktari aliingia kliniki akimvuta mbwa kwa kamba ya manila, akamsukuma ndani kwa goti, na kabla hata ya kusalimia akasema, "Mzee kasema umchome ile sindano ya kulala moja kwa moja. Nisubiri au nirudi baadaye?"

Daktari alikuwa ameinamia paka mwenye kidonda cha sikio. Hakuinua kichwa.

"Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko juu, sebuleni kwake."

"Kamwambie ashuke, aje amshike kichwa."

"Daktari, mimi nimetumwa tu."

"Na mimi nakutuma. Nenda."

Pembeni, kwenye beseni, shangazi yake alikuwa akimsugua mbwa mwingine sabuni ya kupe. Aliangua kicheko mpaka povu likamwingia mdomoni. Huyu ni dada wa marehemu baba yake Daktari, mwanamke mwenye mikono ya kubeba mizigo na mdomo usio na breki, na ndiye aliyekuwa muoshaji wa wanyama pale.

"Baba, ukimpa ujumbe huo simama karibu na mlango," alimwambia mlinzi. "Yule shemeji yangu hajawahi kuitwa na mtu tangu azaliwe. Yeye ndiye huita."

Mlinzi akaenda, akiburuta viatu.

Utaratibu ule Daktari aliutunga mwenyewe, na hakuwahi kuuandika popote. Mwanzoni mwa kazi yake watu walikuwa wakileta mbwa wazee na paka wagonjwa, wanawaacha mlangoni kama mzigo wa taka, wanawasha gari na kuondoka. Mnyama analazwa juu ya meza ya chuma akiwa na watu asiowajua, shingo ameigeuza mlangoni, anatafuta sura moja tu. Daktari alichoka kuiona shingo ile. Akasema basi, kuanzia sasa anayetaka mnyama wake alazwe moja kwa moja aje mwenyewe, amshike kichwa kwa mikono yake mpaka mwisho. Wengi walikuja wakashika, wakalia, na wanyama wao walikuwa kweli wamefikia mwisho. Lakini wale waliotaka tu kuondoa kero, wakishashika kile kichwa cha moto na kusikia pumzi inawapiga viganjani, hugeuka. Husema, hebu tujaribu dawa kwanza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushinda mtihani ule wa kichwa. Daktari aliuamini kuliko alivyoziamini dawa zake.

Alimpandisha mbwa mezani. Alimjua tangu akiwa mtoto wa mbwa. Aliitwa Kamanda, dume kubwa la rangi ya kahawia ambalo sasa mdomo wote ulikuwa mvi. Alimmulika kurunzi machoni: mtoto wa jicho pande zote mbili, hakuna anachokiona. Masikio yametunga usaha. Jino moja la nyuma limeoza hadi kwenye fizi. Akamsikiliza moyo, akambonyeza tumbo, akamnyoosha miguu mmoja mmoja.

"Anakufa?" shangazi aliuliza.

"Huyu? Huyu atakuzika wewe."

"Mdomo wako mchafu. Sasa wanamuua kwa kosa gani?"

Kosa lilijulikana nyumba nzima. Jumapili mjomba alirudi na wageni wake wakubwa, kavaa viatu vipya na manukato mapya, na Kamanda akamzuia getini kwake mwenyewe. Akambwekea kama mwizi. Mgeni mmoja akauliza, mzee, hii nyumba ni yako kweli? Wote wakacheka. Mjomba naye alicheka, lakini chakula hakikumshuka.

Na nyumba ilikuwa yake kweli, toka paa mpaka kile chumba cha chini Daktari alimotibia. Daktari alipomaliza masomo alizunguka mji mzima akitafuta pa kufungulia kazi. Wenye nyumba wakisikia mbwa na paka, wanafunga mlango. Mjomba, kaka wa mama yake, ndiye aliyempa chumba bure, na kila ukoo ulipokutana alikumbusha. Mama yake Daktari naye aliitikia kila mara, asante kaka.

Mjomba aliteremka akiwa na kandambili na shati lisilofungwa vifungo vya juu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unaniita."

"Nakuita. Mbwa wako hana ugonjwa wa kufa nao. Masikio yanatibika, jino nitaling'oa. Macho hayarudi, lakini mbwa kipofu anaishi vizuri akiwa na watu wake."

"Sikuuliza."

"Najua hukuuliza."

"Shemeji," shangazi akadakia kutoka kwenye beseni, "kwani ukibadilisha manukato si rahisi zaidi?"

"Wewe endelea kuosha mikia." Akamgeukia mpwa wake. "Umesema nije nishike. Nikishika, unachoma? Au mnacheza na akili yangu?"

Daktari alimtazama. Hapo angeweza kusema hapana. Lakini aliuamini utaratibu wake, na alimwona mjomba kama alivyowaona wale wengine wote.

"Ukimshika mwenyewe mpaka mwisho, nachoma."

Mjomba akasogea. Akakishika kichwa cha Kamanda kwa mikono miwili, sawasawa, kama dereva anavyoshika usukani barabara nzuri. Mbwa akanusa. Safari hii hapakuwa na manukato, palikuwa na jasho la mtu wake, na mkia ukaanza kupiga meza, pa, pa, pa. Akamlamba kifundo cha mkono. Shangazi aliacha kusugua. Daktari alisubiri, sindano ikiwa tayari mkononi, akingoja zile nyusi zilegee kama nyusi za watu wote.

Mjomba aliupangusa mkono kwenye suruali, akakishika kichwa tena.

"Nimeshika," alisema. "Choma."

Sauti yake haikuwa na hasira wala huzuni. Ilikuwa ya mtu anayesubiri lifti. Miaka yote Daktari alidhani ameweka ukuta, kumbe ameweka pazia, na huyu amelisogeza kwa kidole.

"Daktari. Choma."

Alikwenda kwenye sinki, akabonyeza sindano, dawa yote ikaingia kwenye bomba la maji machafu.

"Sichomi."

"Umetoa neno lako mbele ya watu!"

"Nimelitoa na ninalivunja. Nilikosea, mjomba. Nilidhani ukimshika utarudi nyuma. Hukurudi. Basi kosa hilo ni langu, na mbwa hatalilipia."

"Nilikupa chumba hiki nikiwa na akili zangu, na wenzangu wote walinicheka."

"Ni kweli. Nakushukuru."

"Shukrani gani hiyo? Nikitaka kitu kimoja, kimoja tu, unanifanya mjinga?"

"Omba kingine chochote. Hiki hapana."

Mjomba akakiachia kichwa. "Basi utoke. Leo. Nisikute kitu hapa jua likizama. Na huyo takataka mwende naye, simtaki kwangu."

"Umenipa?"

"Simtaki!"

"Shangazi, umesikia? Nimepewa mbwa."

"Nimesikia," shangazi alisema, akijifuta povu. "Na mbwa pia kasikia, macho ndiyo mabovu, siyo masikio."

"Masikio nayo mabovu, shangazi."

Mjomba alisimama pale mlangoni kidogo. Alikuwa amezoea watu wamfuate ngazini wakimshika shati. Hakuna aliyemfuata. Akapanda.

Hawajafungasha hata kabati la dawa, simu ikalia. Mama.

"Panda juu sasa hivi ukampigie magoti mjomba wako."

"Mama, radhi nitamwomba kwa kumdanganya, na nitamwomba kweli. Kwa ajili ya mbwa sitaomba."

"Utakula hao mbwa?"

"Nitawatibu."

"Unaniua, mwanangu! Mimi nitamtazama vipi kaka yangu?"

"Mtazame usoni, mama. Wewe hukumkosea kitu. Ni mimi." Akakata simu, akapiga moyo konde, akashika upande mmoja wa meza. Shangazi akashika wa pili.

Ng'ambo ya barabara fundi wa matairi aliwaona wakihangaika na lile chuma, akawapisha chini ya paa lake la mabati.

"Kaeni hapa mpaka mpate pengine," alisema. "Ila paka wakae upande ule. Mimi paka naogopa, sijui kwa nini, msiniulize."

"Mwanaume mzima!" shangazi akamwambia.

"Mwanaume mzima, na naogopa."

Walibeba kabati, beseni, kurunzi, mashine ya kunyolea manyoya. Kutoka roshani ya juu mjomba alikuwa akitazama, mikono kifuani, na wapangaji wake walikuwa madirishani wakitazama pia. Daktari alipita chini ya macho hayo akienda na kurudi, na kila aliporudi alinyoosha mgongo zaidi. Safari ya mwisho alimleta Kamanda, polepole, akimwambia kila mahali penye ukingo. Akampandisha mezani, akaanza kumsafisha masikio pale pale mbele ya mtaa wote, usaha ukitoka kwenye pamba, mbwa akinung'unika.

Mwanamke mmoja mwenye kikapu alisimama mbele ya kile chumba kitupu, akageuka huku na huku, kisha akavuka barabara. Ndani ya kikapu paka alikuwa akilalamika.

"Daktari, wamewafukuza? Nirudi wiki ijayo?"

Fundi wa matairi alikwishasogea nyuma ya rundo la magurudumu.

"Urudi wiki ijayo kwa nini?" Daktari aliuliza, akavua glavu chafu na kuchukua mpya. "Shangazi, nishikie Kamanda kichwa. Dada, fungua kikapu."