Kuvumwani Kutoka Duarani

Kazi ya nyumbani ya Loveness ilikuwa kulinganisha kuvumwani, ule mmea laini kama zulia unaoota penye unyevu, na papa wa vilindini. Kuvumwani yenyewe aliileta baba yake, Maduhu, kutoka machimboni, ndani ya mfuko wa nailoni. Asubuhi alisharudi kazini.

"Mama, tofauti nimemaliza. Papa anaogelea, hii haina hata mizizi. Papa ana ini kubwa la mafuta, anakaa chini kabisa gizani wala hadhuriki. Kufanana ndiko sijui."

Paskazia akaigeuza ile kuvumwani. Ilikuwa imelowa, na kwa nyuma iling'ang'ania kipande cha gogo kilichomong'onyoka vidoleni kama mkate.

"Baba yako kaitoa wapi?"

"Kwenye matimba, yale magogo ya kuzuia udongo. Kule chini, karibu na taa."

Paskazia hakusomea stashahada ya kilimo ili aitundike ukutani. Kuvumwani haioti pakavu. Maji yalikuwa yanapita nyuma ya magogo, na magogo yameoza.

"Andika wote wawili wanaweza kuishi huko chini," alisema. "Baba yako hawezi."

Akaishika ile kuvumwani, akapanda bodaboda mpaka machimboni.

Stanslaus, msimamizi wa duara, shimo la dhahabu alimochimba Maduhu, alimsimamisha kwenye kamba iliyozungushwa mdomoni. Mwanamke haivuki kamba ile. Akivuka, wanasema dhahabu inakimbia, na watu wote hutolewa mpaka duara litakaswe.

"Matimba yameoza. Tazama."

"Mama Loveness, hayo ni majani. Ungeleta ugali tungeelewana."

Wavuta ndoo za udongo wakacheka. Paskazia akawatazama, akaitazama kamba, kisha akavuka.

"Mwanamke kaingia! Tokeni! Tokeni wote!"

Wakapanda mmoja mmoja, matope mpaka masikioni, kila mmoja na tusi lake. Paskazia aliyapokea yote, macho yake kwenye mdomo wa shimo. Wa mwisho alikuwa Enock.

"Maduhu yuko wapi?"

"Kabaki," Enock akasema, akitema mate pembeni. "Tumemwambia ni wewe umevuka. Kaona aibu kupanda na sisi. Amesema tutangulie."

"Maduhu!" Paskazia akaita, amepiga magoti ukingoni. "Panda! Utanipiga huku juu!"

Chini magogo yakakatika, kukasikika kishindo kizito, kama cha gunia la mpunga lililotuliwa sakafuni. Harufu ya udongo mbichi ikapanda. Hakuna aliyemtukana tena.

Kiganjani mwa Paskazia kuvumwani ilikuwa bado mbichi.