Nasimiyu Hasimami Bungoma

...na amepiga honi tena, ya sita hii ama ya saba, mtu anampigia nani honi na kwenye mchezo wote huu wa treni wa kompyuta sijaweka hata ng'ombe mmoja wa kufukuzwa relini, Baba, hakuna mtu hapo, nishamwambia, anasema dereva hapiti kivuko kimya kama mwizi, haya, piga, piga mpaka spika ipasuke, na huku simu nayo inatetemeka kando ya kikombe, ni Amandeep, nani mwingine, tulisoma naye hapa hapa Kitale, babake ana duka la spea, na siku hizi yeye ndiye anakusanya kazi zetu, injini tunazoziunda, kuwapelekea wenye mchezo, anatuma sauti juu ya sauti, "Nakhumicha, niaje, sikia, si urekebishe tu hiyo breki leo bana, waliojaribu wote wanalia, wanasema ni kosa, ati treni haisimami," ati kosa, kosa langu mimi, jameni, hakuna kitu kwenye injini hii nimekifanya kwa makini kama hizo breki, rangi niliitoa kwenye picha moja iliyofifia, taa nilikisia tu, lakini breki nilizitoa kinywani mwa dereva aliyezishika, huyu hapa, baba yangu, mzee Wepukhulu, amekuja kutoka Bungoma kupimwa macho na sasa amekalia kiti changu, kofia amevua, kidole kimoja kwenye kibodi, na mimi nimebaki na laptopu magotini kama mgeni, na hapo kwenye laptopu kisanduku cha nguvu ya breki kiko wazi, kinangoja namba, nibadilishe namba moja tu watu wote watulie, Amandeep atulie, simu itulie, lakini siweki, siweki ng'o, kwa sababu injini yenyewe, Nasimiyu, ilikuwa hivyo, zililetwa tatu za aina yake, dizeli za kuvuta mizigo, hazikumaliza hata miaka miwili, nzito mbele, ukishika breki mara mbili kwenye mteremko hewa ya breki imekwisha, sisi watu wa Bungoma tulimpa hilo jina kwa sababu alifika wakati wa kiangazi, na wale wanaolia hawajui lolote, wanataka injini isimame kama baiskeli.

"Webuye hii," Baba anasema, "sasa ndio balaa inaanza," na anainama mbele kana kwamba kiti kinateremka, najua kitakachotokea, atashika, itapunguza kidogo, atashika tena, halafu hewa kwisha, halafu stesheni ya Bungoma itapita dirishani, ile stesheni nimeijenga mwenyewe, kuta, nguzo, benchi, na mahali pale pale nilipokuwa nimesimama nikiwa darasa la kwanza, Mama amenishika mkono huu, mkono ule una sufuria ya kuku na ugali imefungwa kwa leso, kwa sababu siku hiyo Baba alikuwa ashuke ale nasi kabla ya kwenda Malaba, na tukaisikia honi, na ikatokea, na Baba akatoka dirishani nusu mwili, anapunga mikono yote miwili, na sisi tukampungia, wee, tulifurahi, stesheni nzima ilimpungia, Mama akainua sufuria juu ili aione, na injini ikapita, mabehewa ya mahindi yakapita, na bado tunapunga tu, hakuna aliyejua kwamba hatusalimii, kwamba anatuambia tuondoke... ikaja kusimama yenyewe kule mbele ya Myanga, hakuna aliyeumia, hata kuku hakufa, ila jina likabaki, Kapita, Mzee Kapita, sokoni Kamukuywa mtu ananunua vitunguu anaulizwa Kapita leo utasimama, na ati alikuwa amelewa busaa, mtu wa kanisa la Friends huyu, mtu ambaye hata soda anauliza kwanza imetengenezwa na nini, na mwaka juzi kwenye matanga ya Mama, mjinga mmoja ameshika kipaza sauti, ati tunampa pole mzee wetu Kapita, watu wakacheka, mbele ya jeneza, nilitaka ardhi immeze yule mtu na kipaza sauti chake, sasa leo niweke breki nzuri, kila mtoto mwenye kompyuta asimame Bungoma kwa kidole kimoja, halafu waseme khane, kumbe ilikuwa inasimama, mzee tu ndiye alikuwa amelala, thubutu, Amandeep, thubutu...

"Imepita," anasema Baba, na kabla sijajibu ameirudisha mwanzo, tena, tangu asubuhi ni kurudi mwanzo, chai imeshika utando, "Baba, pumzika basi, macho yenyewe yamekuleta hospitali," "Ngoja kwanza," "Baba, haitasimama! nimeitengeneza isisimame, mimi mwenyewe, makusudi," na nimepaza sauti, Mungu nisamehe, kwa mzee wa miaka yake, lakini nimechoka, nimechoka na honi na simu na wote hawa, na yeye hageuki, anaangalia reli tu, "Makusudi ya nini?" "Watu wajue haikuwa wewe," Turbo inapita, anapiga honi, "Mimi najua haikuwa mimi," anasema polepole, "na mama yako alijua, hakuniuliza hata siku moja," halafu, "Ile sufuria niliiona, unajua, aliinua juu, niliiona," na hilo hajawahi kuniambia, miaka yote hii tumezungumza hewa na breki na tani, hajawahi kutaja sufuria, "Sasa wewe mama, unataka nipite hapo mara ngapi?"

...mara ngapi, ananiuliza mimi, na nilidhani nampigania, kumbe kila mara namrudisha pale pale, hewa imekwisha, mikono juu, na mimi nimekaa hapa nyuma yake na laptopu nikijisifu kwa ukweli, ukweli wa nani, wa wale wa kipaza sauti, wao hata hawatacheza huu mchezo, mzee anataka tu kufika, anataka kusimama Bungoma ashuke ale, basi, na benchi ile niliyojenga haina mtu, nguzo haina mtu, kwa nini sikuweka mtu, mwanamke mmoja tu na leso, ni kazi ya dakika chache, simu inatetemeka tena, itetemeke, kisanduku cha breki kiko wazi, kidole changu kiko juu yake, sijabadilisha kitu bado, Webuye inakuja, Baba anainama mbele, anapiga honi, ndefu, na safari hii simwambii kwamba hakuna mtu hapo.