Simu Juu ya Kiti cha Cherehani

Fundi alikuwa anasomea mtihani wa fasihi uzeeni, na mtu asikudanganye, hakuwa na haja na mtihani. Alimtaka mumewe. Mume huyo alikuwa mwalimu wa fasihi maisha yake yote, na tangu siku za uchumba wimbo wake ulikuwa mmoja: "Nikistaafu, mke wangu, nitakufundisha wewe peke yako." Fundi akashona sare za watoto wa watu, akangoja. Mwalimu akastaafu. Hata hajazoea kuamka bila kengele, kumbukumbu zikaanza kumtoka. Sasa alimwita mkewe "mama", kwa adabu, kama unavyomwita mpita njia. Jamani!

Binti yao ndiye aliyemwekea akili mnemba kwenye simu. "Mama, iulize chochote kuhusu hiyo tamthilia ya mtihani. Haichoki, hainuni."

"Basi imemshinda baba yako," Fundi akasema. Wakacheka, halafu kila mmoja akatazama kwingine.

Fundi alikumbuka jinsi mumewe alivyofundisha. Aliweka kiti kitupu mbele ya darasa, mwanafunzi mmoja akakikalia na kuwa mhusika, wenzake wakamhoji mpaka jasho limtoke. Kwa hiyo alasiri moja alivuta kiti cha cherehani hadi sebuleni, akaiegemeza simu juu yake, akaiambia iwe yule mama wa kwenye tamthilia ambaye mwanawe aliondoka, na tangu hapo hafungi mlango, mvua inyeshe, wezi waingie. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, anachezea vifungo vya shati. Fundi akapaza sauti makusudi, mumewe asikie.

"Mama, kwa nini hufungi mlango?"

Simu ikajibu papo hapo, maneno yamenyooka: mlango ni ishara ya matumaini, ni upendo wa mzazi usiokwisha.

"Ondoka kwenye kiti!"

Fundi nusura aanguke. Mwalimu alikuwa amesimama wima, akisema kwa sauti ile ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa zima.

"Unajibu upesi mno. Mwenye uchungu hajibu hivyo. Mama huyu hajui kwa nini hafungi mlango. Angejua, angeufunga akalala." Akamgeukia Fundi. "Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu." Na kweli alielewa. Furaha ilimjaa, acha tu! Akaizima simu haraka, akaiondoa kitini. "Endelea. Nifundishe."

Akafundisha. Alienda na kurudi kati ya kochi na meza, akihoji, akitania, akimsifu kwa jibu zuri. Kisha akatazama mkono wake, ambao haukuwa na saa.

"Una kichwa chepesi, mama. Lakini niache niende. Nina mke nyumbani, nimemwahidi kumfundisha. Nikichelewa atanuna, huyo! Humjui."

Fundi alishawahi kumwambia, "Ni mimi." Siku hiyo mzee aliogopa, akalia kama mtoto. Hakuthubutu tena.

"Nikusindikize," akasema.

Wakatoka kwa mlango wa mbele, wakaizunguka nyumba taratibu, wameshikana mikono, wakaingia kwa mlango wa nyuma. Mwalimu akavua viatu. Akachungulia jikoni, akachungulia chumbani. Kisha akaita jina, lile la mapenzi, ambalo Fundi hakuwa amelisikia tangu ugonjwa uanze.

"Abee!" Fundi akaitika, ubavuni pake.

Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Asante, mama, lakini si wewe ninayekuita." Akakaa kwenye kiti cha cherehani, mabega yameshuka. "Hayupo. Amechoka kunisubiri."

Upepo ulikuwa unaingia. Fundi akaenda kuufunga mlango wa nyuma, maana machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka ayaone.

"Uache wazi," Mwalimu akasema.

"Kwa nini, Mwalimu?"

Mwalimu akafungua mdomo, akafikiri kwa muda mrefu, akaufumba. Fundi akauacha mlango, akarudi kukaa kwenye kochi mbele yake, akasubiri jibu.