Misindano Iliyoziba Anga

Mti wa kwanza wa msindano uliangukia upande wa bondeni, na ukungu uliokuwa umelala pale ukatawanyika kama vumbi. Idda hakugeuka. Alikuwa ameketi juu ya gogo, amewapa mgongo wakata miti, kajitanda khanga mbili kwa baridi ya Juni, akimenya viazi vya mchana kana kwamba ilikuwa siku kama nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu. Ulipoanguka wa arobaini na moja, Fundi Badru aliinua mkono akasema inatosha, anga limeonekana.

Mwaka ule wa 2001 nilikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari ya wananchi, mwendo wa saa nne kwa lori kutoka Njombe mjini, barabara ikiwa kavu. Hatukuwa na simu. Kisha kampuni moja ya Dar es Salaam, mojawapo ya zile zilizochipuka baada ya serikali kufungua milango ya biashara, ikatuchagua tuwe shule ya mfano: dishi la setilaiti, kompyuta nne, umeme wa jua. Nilikwenda mwenyewe kupokea mzigo Makambako. Abdulatif, mwenye malori kule Lyamkena, alitoa mablanketi ya nyumbani kwake kuyafungia makasha.

"Mwalimu Hyasinta," aliniambia, "chombo hiki kikivunjika njiani usinisalimie tena."

Hakikuvunjika. Ila Badru alipolisimamisha dishi ndipo tulipogundua kwamba setilaiti yetu ilikaa juu ya Atlantiki, na upande wetu wa magharibi, juu kidogo ya shule, ulikuwa umezibwa na misindano ya Idda. Waya haukutosha kulihamishia kwingine. Miti ilikuwa na miaka tisa. Ilibaki sita iwe mbao. Idda alikuwa mjane, na ile ndiyo ilikuwa akiba ya uzee wake.

Kampuni haikumtuma mtu kwenda kuzungumza naye. Nilijituma.

"Kamwene, mama," nilimsalimu.

"Kamwene, Mwalimu. Umefuata miti."

Nilimweleza habari za mawimbi na njia yake angani. Alinisikiliza kwa adabu, kama anayesikiliza misa ya Kilatini. Nilipoona sifiki popote, nikamtaja Sadock, mwanawe wa pekee, niliyemfundisha mimi mwenyewe, ambaye sasa alikuwa akimaliza chuo huko Pune, India. Barua yake ya mwisho ilikuwa na mwaka mzima.

"Utamwandikia asubuhi," nikasema, "jioni atakujibu."

"Jioni hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo, mama."

Aligeuka akaitazama miti yake.

"Basi ikateni."

Mtandao ulifika siku ya Jumatano, ukakaa siku kumi na tisa. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliuona moyo wa mtu ukidunda kwenye kioo cha kompyuta, na mmoja akalia. Kuipata anwani ya Sadock kupitia chuo chake kulichukua karibu muda wote huo. Siku ya kumi na tisa Idda alikuja maabara amevaa gauni la kanisani. Hakujua kusoma; yeye alisema, mimi nikaandika. Mwambie mimi ni mzima. Mwambie aseme anarudi lini. Jioni alikaa kwenye benchi mpaka nikafunga mlango. Nikamwambia, kesho.

Asubuhi taa ya mtambo ilikuwa nyekundu.

Kila Jumatatu nilipanda lori hadi Njombe kupiga simu kwenye kampuni. Waliniambia wanashughulikia. Waliniambia anayehusika yuko kwenye semina, kisha yuko likizo, kisha amehama. Ningeweza kumwandikia Sadock kwa posta. Sikumwandikia, kwa kuwa kila Jumatatu niliahidiwa Ijumaa. Katika mwezi wa pili wa kusubiri ndipo binti mmoja mwenye sauti ya upole aliponieleza kuwa muda wa majaribio ulikwisha na kampuni haikulipia tena njia ya setilaiti.

"Lakini miti imeshakatwa," nikamwambia.

"Miti gani?" akauliza.

Nilikwenda mpaka Makambako, ambako mtu alikuwa amefungua chumba cha intaneti karibu na stesheni, nikajaribu kuingia kwenye anwani ya shule. Nilijaribu mara kumi na moja. Sanduku letu la barua pepe lilikuwa kwenye mitambo yao, na lilizimwa pamoja na vingine vyote.

Barua ya karatasi ilifika Februari. Idda aliniletea haijafunguliwa.

"Mama," nilimsomea, "nilikujibu siku ile ile. Nilikuambia nimepewa kazi huku, na kwamba ukisema nirudi, narudi. Walinipa siku thelathini za kujibu. Nilisubiri mpaka ya mwisho. Kwa kuwa ulinyamaza, nilielewa umeniachia niamue mwenyewe. Nimetia saini mkataba wa miaka mitano."

Ningeweza kuruka mistari ile. Niliisoma yote, na aliponiambia nirudie, nikarudia.

"Nitamwandikia, mama," nikasema. "Nitamweleza kosa lilikuwa la nani."

"Chakula kitamshuka vipi, ukimweleza hayo?" Alinisogezea karatasi. "Mwandikie nilikubali."

"Mama Sadock..."

"Andika, Mwalimu."

Nikaandika. Kabla sijaikunja aliichukua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza "nilikubali" ni lipi kati ya maneno yale. Nikamwonyesha kwa kidole.