Kiboko Aliyepiga Hodi Hemani

Usiku wa jana niliota nimelala hemani, jambo lililonikera kidogo, kwa sababu kweli nilikuwa nimelala hemani na ningependa ndoto inipeleke kwingine. Tulikuwa kwenye kisiwa cha hifadhi, Ziwa Victoria, mimi na mume wangu Rwegoshora. Tulikuja kupiga kasia siku mbili na kumtazama nzohe, yule swala wa majimaji anayejificha kwenye mafunjo. Safari tuliipanga kabla hatujagombana. Hiyo ilikuwa siku ya tatu hatusemezani.

Ugomvi wenyewe ni huu: alimwambia mama yake aje kuishi nasi, bila kuniuliza. Mama mkwe nampenda, tena sana. Kilichoniuma ni kwamba habari niliipata kwa fundi seremala aliyekuja kupima mahali pa kitanda.

Basi ndotoni ni saa nane mchana, ingawa tumelala. Nje ya hema sauti nzito inasema, "Hodi."

"Karibu," nikajibu.

Mtu aliyelelewa na mama yangu hawezi kujibu vingine. Zipu ikafunguka, akaingia kiboko. Akapangusa miguu yote minne kwenye taulo langu.

"Shikamoo," nikasema, maana alionekana mtu mzima.

"Marahaba. Poleni na kulala." Akaketi katikati yetu. Hema likatanuka ili asijisikie vibaya.

Ndipo nikakumbuka masharti. Bi Nyamizi, mhifadhi aliyetukabidhi mtumbwi, alitusomea mawili tulipofika gatini. La kwanza: msimkaribishe mnyama kambini. La pili: mtumbwi wa watu wawili hauendi bila kusemezana. Lile la kwanza nilidhani ni habari ya kufunika vyakula tu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," kiboko akasema. "Leo ni siku yangu ya kwanza. Jembe nimekuja nalo, msihangaike."

Kweli alikuwa nalo kwapani, na mpini wake.

Mume wangu akaketi. Akamtazama kiboko, kisha akaligeukia kasia lililoegemea nguzo ya hema. "Mwambie Mama Asimwe," akaliambia, akimaanisha mimi, "mgeni hukaribishwa na wenye nyumba wote wawili."

Kasia likakohoa. Lilikuwa la plastiki, lakini lilikuwa na sauti ya mzee wa kanisa. "Mama Asimwe, umeambiwa kwamba..."

"Nimesikia. Na wewe mwambie Baba Asimwe asante kwa kunikumbusha, ila ningefurahi zaidi kama angekumbuka hilo mwezi uliopita."

"Hayo yote siwezi kuyafikisha," kasia likasema. "Nitasema asante tu."

"Mimi sina haraka," kiboko akasema. "Nimekaribishwa nusu. Aliyekaribishwa nusu hawezi kuondoka. Atatokaje, na hajamaliza kuingia?"



Nafumba macho, nafumbua, hema limekuwa mtumbwi. Tuko katikati ya ziwa. Mimi niko mbele, mume wangu nyuma, kiboko katikati na jembe lake mapajani. Maji yamebakiza vidole viwili kuingia ndani. Mimi napiga kasia kushoto, naye anapiga kushoto, na mtumbwi unazunguka palepale.

Kwenye mafunjo wamejipanga nzohe saba wenye darubini. Kiongozi wao ananong'ona, lakini juu ya maji sauti hufika.

"Tulieni. Hawa ni mke na mume walionuniana. Nje hivi ni adimu kuwaona, wengi hununiana ndani."

"Wataongea?" anauliza nzohe mmoja bibi kizee.

"Haijulikani. Mwaka jana tulisubiri jozi moja mpaka chakula kikatuishia."

Wakaanza kupiga picha. Niliona aibu, lakini nilinyoosha mgongo.

Vidole viwili vikawa kimoja. Nikageuka nyuma, ndipo nikaona kiboko amevaa jaketi okozi la mume wangu, limemkaa kifuani kama kitambaa cha kulishia mtoto. Mume wangu hana kitu. Amempa mgeni. Na Rwegoshora hajui kuogelea. Alikubali kuja majini kwa sababu mimi ndiye niliyetaka kumwona nzohe. Nikamhurumia mpaka machozi yakanilenga, na nikakasirika kwamba hasira yangu inaisha bila ruhusa yangu.

Nikaliweka kasia mapajani.

"Baba Asimwe," nikasema, kwa kinywa changu mwenyewe. "Huyu nimemkaribisha bila kukuuliza. Nisamehe. Sasa nakuuliza: akae?"

Nzohe wote saba wakashusha darubini. Kiboko akatazama mbele, kama mtu asiyetaka kusikiliza mambo ya ndani ya watu.

Mume wangu akafungua kinywa, tai furukombe akalia mtini, nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Hema lilikuwa kavu, zipu imefungwa. Katikati yetu palikuwa na nafasi pana, kama ilivyokuwa siku zote tatu. Nilihuzunika kwamba sikulisikia jibu. Nikaanza kukunja blanketi langu.

"Akae," Rwegoshora akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Macho alikuwa bado ameyafumba.

"Nani?"

"Huyo mgeni wako. Ila asogee upande wako, ana uzito mno." Akafumbua macho. "Na mama... nilipaswa kukuuliza kwanza, Mama Asimwe. Nakuuliza sasa."

Nilitoka nje, nikawasha jiko, nikabandika chai ya watu wawili. Halafu nikaongeza maji ya kikombe cha tatu.